Timazi na Kamera: Maoni Juu ya Istilahi za Upigaji Picha za Majengo

I. Kusudi

Katika makala hii twakusudia kuchunguza istilahi za fani moja ndogo, lakini yenye uzito kuliko inavyodhaniwa: upigaji wa picha za majengo ya mjini kwa kamera kubwa ya filamu, ile isimamishwayo juu ya miguu mitatu na ambayo mpigaji wake hujifunika nguo nyeusi kabla ya kupiga. Mifano yetu tumeitoa Bariadi na mkoa wa Simiyu kwa jumla, ingawa pale panapohitajika tutavuka hadi Dar es Salaam na Zanzibar.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini Bariadi, na wala si mji mkongwe wa pwani wenye majumba ya mawe na milango ya nakshi? Jibu letu ni kwamba mji mkongwe umekwisha kupigwa picha na kuandikwa. Mkoa wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012, pamoja na Geita, Katavi na Njombe, na Bariadi ikawa makao makuu yake. Mji unaogeuka kuwa makao makuu ya mkoa hujengwa haraka na kubomolewa haraka. Duka la baraza hutoa nafasi kwa ghorofa. Nyumba ya matofali mabichi hutoa nafasi kwa nyumba ya saruji. Na kule vijijini, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, paa la nyasi hutoa nafasi kwa bati. Anayetaka kuweka kumbukumbu ya mabadiliko hayo anahitaji vitu viwili: picha iliyo sahihi, na maneno yaliyo sahihi ya kuandika chini ya picha hiyo. Hoja yetu ni kwamba kitu cha pili ndicho kigumu zaidi, na ndicho kinachopuuzwa.

Wako watakaosema kwamba kamera ya namna hii imepitwa na wakati, na kwamba simu ya mkononi yatosha. Hatuna ugomvi na simu. Lakini filamu za kamera hizi zingali zikitengenezwa Uingereza, Marekani na Ucheki, na wapigapicha wa majengo wangali wakizitumia. Tena picha za kale za miji yetu zilipigwa kwa mabamba ya vioo katika kamera za aina hiyo hiyo. Picha alizopiga Walther Dobbertin wakati wa utawala wa Wajerumani zimo leo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani. Na studio ya A. C. Gomes ya Zanzibar iliacha picha nyingi za mji wa wakati wa masultani. Mtunza nyaraka anayetaka kuzieleza picha hizo kwa Kiswahili hana budi kuwa na majina ya kifaa kilichozizaa.

II. Kifaa na Majina Yake

Tuanze na jina la kifaa chenyewe. Mtu akitafsiri neno kwa neno kutoka Kiingereza atapata "kamera ya umbo kubwa". Istilahi hii ina kasoro mbili. Kwanza, katika Kiswahili umbo ni namna kitu kilivyo, si kipimo chake. Yai la kuku na yai la mbuni yana umbo moja. Pili, ukubwa unaokusudiwa si wa kamera bali wa filamu. Iko kamera nyepesi ya mbao inayokunjwa ikaingia mkobani, nayo ni ya aina hii. Na iko kamera nzito ya chuma isiyo ya aina hii. Kinachozitofautisha ni kipande cha filamu. Filamu ya kawaida ya mkanda hutoa picha ya milimita 24 kwa 36, yaani sentimita za mraba 8.64. Kipande cha inchi 4 kwa 5, ambacho ndicho kidogo katika aina zitumikazo sana, kina sentimita za mraba 129 hivi, yaani takriban mara 15. Kwa hiyo twapendekeza "kamera ya filamu pana", na filamu yenyewe iitwe "filamu ya kipande", ili itofautiane na "filamu ya mkanda". Kwa kamera za kale zilizotumia vioo badala ya filamu, "kamera ya bamba" yatosha.

Neno "kamera" lenyewe lisiguswe. Limekwisha kuzoeleka, nalo asili yake ni Kilatini, maana yake chumba. Jambo hili si la kupambia makala, litatusaidia mbele. Kamera ni chumba chenye giza, chenye tundu moja ukutani, na mwanga upitao tunduni huchora ukuta wa pili taswira ya kilicho nje, kichwa chini na miguu juu. Mwenye kukumbuka kwamba kamera ni chumba hatapata taabu kuzipa jina sehemu zake kwa maneno ya fundi wa nyumba.

Kati ya ubao wa mbele wenye lenzi na fremu ya nyuma yenye filamu kuna kiungo cha ngozi au kitambaa chenye mikunjo, kinachorefuka na kufupika. Kiswahili kina neno "mvukuto", chombo cha mhunzi cha kuvuvia moto. Kandokando ya Ziwa Viktoria mvukuto si kitu kigeni: Warongo waliyeyusha chuma na kufua majembe kwa mivukuto kabla ya jembe la dukani kufika. Mpinzani atasema kwamba mvukuto wa kamera hauvuvii chochote, hivyo jina halifai. Pingamizi hili halina nguvu. Kiswahili huita vitu kwa sura bila kujali kazi: chupa ina shingo isiyomeza, meza ina miguu isiyotembea, sindano ina tundu ambalo wengine huliita jicho, nalo halioni. Tukikataa mvukuto kwa sababu hiyo, itatubidi tuvunje nusu ya lugha.

Nyuma ya kamera kuna kioo kilichosuguliwa hata kisipenye macho, bali kipokee taswira. Twapendekeza "kioo cha ukungu". Ili aione taswira hiyo mchana, mpigapicha hujifunika nguo nyeusi yeye pamoja na kamera. Hapa twashangaa kwamba mtu aweza kuhangaika kutunga "kitambaa cha giza" wakati lugha ina "kaniki". Kaniki ni nguo ya pamba, nyeusi au ya buluu iliyoiva, isiyo na nakshi, iliyovaliwa pwani na bara kwa vizazi vingi. Tena Simiyu ni mkoa wa pamba. "Kaniki ya mpigapicha" ni istilahi ambayo bibi yeyote Maswa ataielewa bila kufasiriwa, na kueleweka namna hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi njema.

Tundu la lenzi na kinachoufungulia na kuufungia mwanga ni vitu viwili, na mara nyingi huchanganywa. Cha pili twakiita "kilango", kwa kuwa ni mlango mdogo wa chumba kile cha giza. Cha kwanza ni "tundu" tu. Wako wanaopenda kukiita "kipenyo". Hilo ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la lugha, kwani namba iandikwayo kwenye lenzi si kipenyo bali ni mara ngapi kipenyo huingia katika urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 150 iliyowekwa namba 22 ina kipenyo cha milimita 6.8 hivi, ikiwekwa namba 32 kipenyo hupungua hadi milimita 4.7. Namba inapanda, tundu linafinywa. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba 32 ni "kipenyo" atashika kinyume maisha yake yote. Tuseme basi "tundu namba 32".

Tendo la kuufungua mwanga huitwa na watu "kufyatua". Ni neno zuri, na uzuri wake huonekana zaidi katika somo letu, kwa kuwa mafundi hufyatua pia matofali. Tofali hufyatuliwa kutoka katika kalibu, na picha hufyatuliwa kwa "kifyatuo", yaani ule waya mwembamba unaomwezesha mpigaji asiiguse kamera isije ikatikisika.

Baada ya kupiga, filamu hutiwa dawa gizani. Mfasiri wa neno kwa neno atasema filamu "inaendelezwa". Tungependa istilahi hiyo izikwe na isifufuliwe. Wapigapicha wa studio zetu, tangu enzi za picha nyeusi na nyeupe, wamesema "kusafisha picha", na mteja aliulizwa, "Unataka zisafishwe lini?" Neno hili limeanza kufifia kwa sababu simu haisafishi chochote, na vijana wengi hawajawahi kulisikia kwa maana hiyo. Hapa pana hatari halisi: istilahi iliyotungwa na watu wenyewe, bila kamati wala semina, inaweza kupotea kabla haijaandikwa, kisha mtaalamu akaja kutunga mbadala ulio dhaifu. Kazi ya baraza la lugha si kutunga tu. Ni kuokoa pia. Na ile picha iliyokwisha kuingia katika filamu bali haijaonekana kwa kuwa haijasafishwa, twapendekeza iitwe "taswira fiche".

III. Kuta Zinazoegemeana

Tufike sasa kwenye kiini cha fani hii. Mtu akisimama mbele ya jengo refu na kuinua kamera ili apate paa, kuta zake katika picha huinama ndani, kana kwamba jengo linaanguka kinyumenyume. Picha za namna hii tumezizoea mno hata hatuzioni. Ziko katika kalenda na katika taarifa za ufunguzi wa majengo. Na fundi aliyeusimamisha ukuta ule kwa siku kumi na timazi mkononi huonyeshwa mbele ya umma kama mtu asiyejua kunyoosha ukuta.

Sababu yake si lenzi mbovu. Kuta zilizo wima hubaki wima katika picha iwapo filamu nayo imesimama wima, sambamba na ukuta. Kamera ikiinuliwa, filamu inalala nyuma, na usambamba unavunjika. Kamera ya filamu pana hutatua tatizo hili kwa kuacha filamu wima na kuipandisha lenzi peke yake juu ya ubao wake. Tuchukue mfano. Jengo lina kimo cha meta 12. Mpigaji amesimama meta 20 mbali, kamera ikiwa meta 1.5 kutoka chini, na lenzi yake ni ya milimita 150. Kila meta ya jengo itachukua milimita 7.5 za filamu. Sehemu ya jengo iliyo juu ya usawa wa kamera ni meta 10.5, nayo itahitaji milimita 79 hivi. Lakini kipande cha inchi 5 kilichosimamishwa kina nusu ya milimita 63 tu. Paa litakatwa. Mpigaji akipandisha lenzi milimita 20, paa linaingia, na uwanja wa bure uliokuwa mbele ya miguu yake unapungua. Hakuna ukuta ulioinama.

Sasa tazama maneno ambayo kazi hii inayahitaji: wima, sambamba, usawa, kimo. Yote ni maneno ya ujenzi, na vifaa vyake ni vya ujenzi. Kabla ya kupiga, mpigapicha huangalia kwa "pimamaji" kama kamera imelala sawa, na kwa "timazi" kama mgongo wake umesimama. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kitendo cha kuisimamisha filamu sambamba na ukuta kiitwe "kuitia kamera timazi", na picha ambayo kuta zake hazikuinama iitwe "picha ya timazi". Ile iliyoinama ni "picha iliyokosa timazi". Mtu akijaribu kutafsiri maneno ya kigeni ya usahihishaji wa mwono, atapata sentensi nzima badala ya istilahi. Fundi mwashi wa Bariadi ana neno moja, nalo linatosha.

Miondoko mingine ya kamera hii nayo ina vitenzi vyake tayari. Lenzi "hupandishwa" na "kushushwa"; "husogezwa kando" kushoto au kulia; "huinamishwa" mbele au nyuma; na "hugeuzwa" kama mlango unavyogeuka kwenye bawaba zake. Kuinamisha lenzi kuna kanuni yake. Theodor Scheimpflug wa Austria aliieleza mwanzoni mwa karne ya 20: bapa la filamu, bapa la lenzi na bapa la kitu kinachopigwa yakikutana katika mstari mmoja, kitu chote huonekana dhahiri, cha karibu na cha mbali. Kwa kanuni hii uwanja mzima wa pamba iliyoanikwa mbele ya kiwanda waweza kuonekana dhahiri kutoka miguuni hadi kwenye lango. Jina la mtu libaki lilivyo: "kanuni ya Scheimpflug". Hatuoni faida ya kulibandika vazi la Kiswahili jina la mtu.

Lakini ule umbali wa mbele na nyuma ambao vitu huonekana dhahiri bila kuinamisha kitu, tusiuite "kina cha uwanja". Uwanja wetu ni wa mpira, wa ndege, wa maonyesho. Viwanja vya Nyakabindi, ambako maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika mwaka 2018, vina urefu na upana, havina kina. Tuseme "kina cha udhahiri".

IV. Jua na Mwelekeo

Istilahi hazihusu vifaa peke yake. Mpigapicha wa majengo anahitaji pia maneno ya mwanga, na hapa Kiswahili ni tajiri kuliko watumiaji wake wanavyokiri. Bariadi iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Septemba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na ukuta unaotazama kusini hukaa kivulini kwa sehemu kubwa ya siku. Anayetaka ukuta huo upate jua hana budi kungoja kati ya Oktoba na mwanzo wa Machi. Na mnamo saa sita mchana, karibu mwaka mzima, jua huwa juu mno, kivuli cha upenu huteremka ukutani kama pazia, na nakshi za juu ya madirisha humezwa.

Lugha inayo maneno ya kila hali: jua la mapema, jua la utosi, jua la alasiri, jua la machweo, kivuli cha upenu, mwanga wa wingu. Hili la mwisho lina umuhimu wake. Bernd na Hilla Becher, mume na mke wa Ujerumani walioanza mwaka 1959 kupiga picha za minara ya maji na viwanda vya kale kwa kamera za filamu pana, walipendelea siku za mawingu ili pasiwe na kivuli cha kuficha umbo la jengo. Walipanga picha za majengo ya aina moja pamoja, na kwa kuyalinganisha watu wakaona tofauti zake. Viwanda vya kuchambua pamba vya Usukuma vingestahili kazi ya namna hiyo. Vina maghala, vina mapaa ya bati ya mgongo mrefu, vina majukwaa ya kupakulia mizigo. Na kila kimoja ni ndugu wa mwenzake bila kuwa pacha. Lakini ili kulinganisha ni lazima kwanza kutaja, na hapo ndipo tunapofikia tatizo kubwa.

V. Maneno Chini ya Picha

Chukua picha ya nyumba ya mviringo yenye paa la nyasi. Chini yake pameandikwa: "Nyumba ya kienyeji, Simiyu." Chukua nyingine ya nyumba ya mraba yenye kuta za fito na udongo. Chini yake pameandikwa: "Nyumba ya kienyeji, Simiyu." Mfano huu ni wa kubuni, lakini msomaji atatambua mtindo wake. Filamu pana inaonyesha kila unyasi. Maelezo hayaonyeshi chochote. Miaka hamsini baadaye mtafiti atakapotafuta katika orodha ya nyaraka neno "msonge", hataipata picha, ingawa imo.

Ya kwanza ni "msonge". Ya pili ni "banda" lenye "kiambaza", yaani ukuta wa miti na fito uliokandikwa udongo. Zote mbili si "tembe", ambayo paa lake ni bapa na limefunikwa udongo. Nyumba huezekwa, ukuta hukandikwa, paa hubebwa na makombamoyo, na sehemu ya paa iliyopita ukuta huitwa upenu. Katika nyumba ya leo kuna msingi, jamvi, linta, kenchi, lipu na bati. Kundi la kwanza la maneno linamezwa na la pili kadiri nyumba zenyewe zinavyomezwa. Hatusemi watu wakae chini ya nyasi ili lugha inenepe. Twasema kwamba jengo likiondoka, picha na neno vibaki pamoja, kwa kuwa kimoja bila cha pili hakisemi.

Hata ufa una haja ya neno lake. Udongo mweusi wa mbuga, ulio mwingi Simiyu na unaofaa pamba, hupanuka unapolowa na kusinyaa unapokauka. Nyumba iliyojengwa juu yake bila msingi wa kutosha hupasuka kuta. Picha ya filamu pana yaweza kuonyesha ufa mwembamba kama unywele, na mhandisi akaufuata kutoka linta hadi msingi. Lakini maelezo yanayosema "jengo bovu" hayamsaidii. Je, ni ufa wa lipu tu au wa ukuta? Je, umepanda ngazi kwa kufuata viungo vya matofali, au umekata matofali yenyewe? Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza kwamba usipoutaja hutajua upi wa kuziba.

Umuhimu wa jambo hili umeonekana kwa uchungu mahali pengine nchini. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Julai 2021 Soko la Kariakoo, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli katika miaka ya 1970 na kuezekwa kwa zege la umbo la miavuli, liliungua moto. Jengo likipatwa na maafa ya namna hiyo, picha za zamani zenye undani hugeuka ushahidi: nguzo zilikuwa ngapi, roshani ilishikwa na nini. Beit al-Ajaib ina mfano ulio wazi. Kabla ya kupigwa mizinga na Waingereza mwaka 1896, mnara ulisimama peke yake mbele ya jumba. Ule ulioanguka mwaka 2020 ulikuwa umeunganishwa na jumba baada ya vita hivyo. Mwenye kuandika chini ya picha "mnara wa Beit al-Ajaib", bila mwaka wala mahali uliposimama, amechanganya minara miwili.

Usukuma, kwa upande wake, si mkopaji tu wa istilahi za majengo. Neno "ikulu" limetoka katika lugha za Unyamwezi na Usukuma, ambako lilimaanisha makazi ya mtemi, na leo ni jina la nyumba ya Rais. Lilichukuliwa kwa utaratibu unaofahamika: tutafute kwanza katika Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo tutoke nje. Kama Kisukuma kiliweza kuipa taifa jina la jumba lake kuu, hatuoni kwa nini kisiulizwe majina ya sehemu za msonge ambazo Kiswahili cha pwani hakina, kwa sababu pwani haikujenga misonge.

VI. Mapendekezo

Kwa muhtasari, istilahi tunazozipendekeza ni hizi:

Kamera ya filamu pana: kamera itumiayo filamu ya kipande, kuanzia inchi 4 kwa 5.
Kamera ya bamba: kamera ya kale iliyotumia bamba la kioo.
Mvukuto: kiungo chenye mikunjo kati ya lenzi na filamu.
Kioo cha ukungu: kioo kilichosuguliwa cha kupokelea taswira.
Kaniki: nguo nyeusi ya kujifunikia.
Tundu: nafasi ya lenzi ipitishayo mwanga, hutajwa kwa namba.
Kilango: kifungulia na kifungia mwanga.
Kifyatuo: waya wa kukifyatulia kilango.
Kuitia kamera timazi: kuisimamisha filamu wima, sambamba na ukuta.
Picha ya timazi: picha ambayo kuta zake hazikuinama.
Kina cha udhahiri: umbali wa mbele na nyuma unaoonekana dhahiri.
Taswira fiche: picha iliyomo katika filamu isiyosafishwa bado.
Kusafisha: kuitia filamu dawa hata picha ionekane.

Kamera, lenzi, filamu, fokasi na studio yabaki yalivyo. Hatuna haya na maneno ya mkopo yaliyokwisha kulipiwa kwa matumizi. Tunachokipinga ni sentensi za kigeni zilizovishwa silabi za Kiswahili.

Twajua kwamba orodha hii haijakamilika, na kwamba istilahi haiwi istilahi kwa kuchapwa jaridani. Huwa istilahi siku fundi anapoitumia bila kucheka. Kwa hiyo rai yetu ni kwamba usanifishaji wa istilahi hizi usifanywe mezani peke yake. Waitwe pamoja mwashi, mwezekaji, mpigapicha wa studio wa zamani, mtunza nyaraka na mzee ajuaye Kisukuma cha nyumba. Wawekewe mbele yao picha kumi za majengo ya Bariadi, na kila mmoja ataje anachokiona. Pale watakapokubaliana, liandikwe neno. Pale watakapotofautiana, yaandikwe maneno yote na sababu zake. Wasomaji walioko Simiyu wenye majina ya sehemu za msonge, za ghala la nafaka na za kiwanda cha pamba twawaomba wayalete, kila jina na maelezo ya kitu kinachotajwa, ili yajadiliwe katika kurasa hizi.